Mzee Lushinge na Ua wa Minyaa

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025, Bartholomeo Nkwabi Lushinge atakabidhi kofia ngumu moja, buti jozi moja na ufunguo wa stoo, na utumishi wake wa miaka thelathini na minne katika kampuni yetu ya Jashvant na Wanawe, wachimbaji wa visima virefu hapa Shinyanga mjini, utakuwa umefikia tamati. Kijiti chake cha kupimia maji hatakabidhi, kwa kuwa hakimo kwenye orodha ya vifaa vya kampuni. Nimeikagua orodha hiyo mwenyewe.

Wasifu huu nimepewa niuandike mimi, Zakia Abdulhalim, mtaalamu wa maji ya ardhini, na walionipa kazi hii walijua wanachokifanya. Niliajiriwa mwaka 2012 pamoja na mashine mpya kabisa, na karakana nzima ilifahamu kwamba mashine ile imeletwa ili Mzee Lushinge arudi kwao akachunge ng'ombe. Miaka kumi na mitatu imepita. Mashine imebadilishwa betri mara tisa, yeye amebadilisha miwani tu. Kwa hiyo msomaji ukikutana na wivu kidogo humu ndani, usishangae, ni wa siku nyingi.

Mzee Lushinge alizaliwa Samuye mwaka 1965, katika familia ya wakulima wa pamba na wafugaji. Kupima maji alifundishwa na bibi yake mzaa baba. Kwa ambao hawajawahi kuiona kazi hii, ni hivi: mpimaji anashika kijiti kibichi chenye panda, mikono miwili kwenye matawi mawili, viganja vikitazama juu, ncha ikiwa mbele. Anatembea taratibu. Akifika palipo na maji chini, ncha inainama yenyewe kuelekea ardhini, hata akijaribu kuizuia. Ndivyo wanavyosema wenyewe, nami nimeahidi kutobishana hadi ukurasa wa pili.

Aliajiriwa tarehe mosi Julai 1991 kama utingo wa lori. Wakati huo mwanzilishi wetu, marehemu Mzee Jashvant, alikuwa na duka la vipuri vya pampu na mtambo mmoja wa kuchimbia alioununua ukiwa umeshatumika. Mtambo ulikuwa mzima, lakini alikuwa ametoboa mashimo matano mfululizo bila kupata hata maji ya kunawa. Walipofika kwenye shimo la sita, utingo mpya alishuka kwenye lori, akavunja kijiti cha mpera, akazunguka kidogo, kisha akamwambia bosi kwa adabu zote kwamba mtambo ungekaa vizuri zaidi pale kichakani. Mzee Jashvant alimtazama kama mtu aliyepigwa na jua, na jioni akaenda kulisimulia nyumbani kama kichekesho.

Mkewe, Bi Kantaben, hakucheka. Kwao Gujarati alikuwa na mjomba aliyetafuta maji kwa nazi: nazi inalazwa kiganjani, na mtu akifika juu ya maji inasimama wima. Kesho yake Kantaben alitokea saiti akiwa amevaa sari, buti za mpira na nazi mkononi, nazi ambayo kwa Shinyanga ya wakati ule ilikuwa kitu cha kutafuta kwa tochi. Akazunguka upande wake, Lushinge akazunguka wake. Waliokuwapo bado wanabishana ni nani alifika kichakani kwanza. Maji yalipatikana kwenye mita thelathini na nane, nazi ikasagwa chatini, na utingo akapandishwa cheo siku hiyo hiyo. Tatizo likawa jina la cheo. Hakuna aliyejua kiitwe nini, kwa hiyo mpaka leo kwenye karatasi zake za mshahara ameandikwa "Msaidizi wa Lori (Maji)".

Tangu hapo ana taratibu zake, na hazivunji kwa sababu ya mtu yeyote. Akifika kwenye boma haulizi mwenye mji ni nani. Anauliza ni nani hapa huamka wa kwanza kwenda kuteka maji. Mara nyingi anasukumwa mbele mwanamke aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, naye hajui kama ameitwa kwa heri au kwa shari. Huyo ndiye anayekata kijiti. Na siku maji yakitoka, huyo ndiye anayepewa ndoo ya kwanza, mbele ya mwenyekiti, mbele ya padri na shehe, mbele ya mfadhili aliyekuja na kamera yake. Mfadhili mmoja alitaka kushika yeye ndoo ile apigwe picha. Mzee alimpa ya pili, akamsifu sana jinsi alivyoishika.

Wenye vyeo wamejaribu kumpindisha, hawajafanikiwa. Kule Katoro mwenye nyumba ya wageni alimwomba kijiti kiiname nyuma ya jiko lake, mahali alipokuwa ameshajenga mnara wa tangi. Mzee alizunguka mara tatu ili asionekane amedharau, kisha akasema mnara ni mzuri sana, ila maji yako kwa jirani. Kwa jirani ndiko tulikochimba, na ndiko yalikotoka.

Lakini habari inayosimuliwa kuliko zote ni ya Nyarugusu, mwaka 2014, tulipokwenda kutafutia shule moja maji. Kule ni kwenye dhahabu, na mtu mzima anayetembea polepole akitazama chini hawezi kueleweka kwa namna nyingine. Mzee alipima kando ya uwanja wa mpira, kijiti kikainama, akapigilia kigingi na kufunga kitambaa chekundu. Tuliporudi kesho yake na mtambo, tulikuta wanaume arobaini wenye sururu na duara limeshashuka mita nne. Duara ndilo neno lao kwa shimo la dhahabu. Kiongozi wao, Akida, mtu wa miraba minne mwenye sauti ya kutangazia mnada, alitusihi kistaarabu tuondoe lori letu kwenye eneo la watu.

Mzee aliwaeleza kwamba pale amepima maji. Akida alicheka mpaka akashika magoti. Akasema hajawahi kuona mpima dhahabu anayekiri kuwa anapima dhahabu. Tukakaa pembeni tukinywa chai kwa siku tatu, sisi na mtambo wetu wote, tukiwatazama. Siku ya nne, mita kumi na tisa, tulisikia kelele chini, na wakaanza kupanda kamba wamelowa tope mpaka kwenye nyusi. Wa mwisho kutoka alikuwa Akida. Alisimama mbele ya Mzee, maji yakimchuruzika, akasema, "Sasa Mzee, si ungetuambia!" Mzee akamjibu kuwa anasikitika sana kwa usumbufu. Shule ilipata kisima kilichochimbwa bure na wanaume arobaini, Akida mwenyewe akakijengea kwa saruji, na kila Krismasi na kila Idi anamtumia rafiki yake kuku wawili. Mpaka leo haamini kwamba dhahabu haikuwapo. Anaamini Mzee alizuiwa kuisema.

Sasa nije kwenye mashine. Mashine yangu haina uchawi wowote: vigingi vinne vya chuma vinapigiliwa ardhini, umeme wa betri unapitishwa, na mwamba wenye maji unaupitisha tofauti na mwamba mkavu. Ukitaka kuona kina kirefu zaidi, unavuta waya mbali zaidi. Nilipofika nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na cheti chenye muhuri, nikaamua kumkomesha yule mzee kwa njia ya kitaalamu. Tulikwenda kwenye shamba la Mzee Jashvant lenye visima viwili vizuri vilivyofunikwa, nikamfunga kitambaa machoni, nikamzungusha ili apotee, nikamwambia apime. Alikubali bila hiyana. Kijiti kiliinama mahali saba. Hakuna hata mahali pamoja palipokuwa karibu na kisima, na pa saba palikuwa juu ya kiatu changu.

Nilijiandaa kwa hotuba. Yeye alifungua kitambaa, akaona alipokuwa amesimama, akaangua kicheko cha kweli, kisha akaniuliza: "Binti yangu, umenifunga macho halafu unataka nione?"

Hotuba niliimeza, na nikaanza kumtazama yeye badala ya kijiti. Kabla hajakigusa huwa ameshazunguka boma zima mikono mgongoni. Anatazama vichuguu vimejipanga vipi. Anatazama ni mti gani bado una majani mwezi wa tisa wakati mwenzake wa jirani ni kuni. Anaketi na ajuza wa mji huo na kumuuliza mwaka wa ukame mkubwa walichimba wapi kwa mikono. Huo muda wote, ndio anaopima. Kwa maoni yangu ya kitaalamu kijiti hakifanyi lolote. Kwa maoni yake, hilo mimi sijasoma bado. Tulikubaliana kuliacha hapo, na tangu siku ile tumekuwa tukipima wote wawili, kila mtu kwa njia yake. Daftari langu linaonyesha kwamba pale tulipokubaliana, visima tisa kati ya kumi vilitoa maji. Mimi peke yangu sijawahi kufika tisa, na hilo nimeliandika hapa kwa kalamu yangu mwenyewe.

Kuna jambo ambalo karakana nzima imekuwa ikilipitia mbali. Mzee huyu, aliyewapatia maji watu wa wilaya ngapi sijui, nyumbani kwake Samuye hakuwa na maji. Mwaka 1998 Mzee Jashvant alimpa mtambo apime kwake. Mita sabini na mbili, vumbi tupu. Mwaka 2009 alijaribu tena, upande mwingine wa kiwanja, mita themanini, vumbi tena. Wanakijiji walikuwa na lao la kusema. Walimpa jina la Mpima Kiu, na jina likakaa. Alilipokea kwa tabasamu, lakini hakupima tena kwake, wala hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Aliyelipia mashimo hayo mawili kwa miguu yake ni mkewe, Mama Martina, ambaye jina lake ni Sesilia. Bomba la maji limefika senta, kitongoji chao kiko mbali nalo. Kwa miaka hiyo yote amekuwa akiamka alfajiri na ndoo, zamani kwenye lambo, siku hizi bombani, kilomita mbili na nusu kwenda na nyingine kurudi. Na ndoo hizo hazikuwa za nyumba moja. Mwaka 1996 mama yake mzazi, Bibi Nyanzobe, alifiwa na mume, na kwa kuwa kaka zake Sesilia wote walikuwa wamehamia migodini, Mzee Lushinge alimchukua mama mkwe akamjengea nyumba kwenye kona ya kiwanja chake. Ni jambo ambalo si kila mkwe angelifanya. Tena alilifanya kwa heshima inayotakiwa: alimpandia ua mrefu wa minyaa, mnene, ili mama mkwe awe na faragha yake, bafu lake la nyasi na bustani yake nyuma, na mkwe asiwe na sababu ya kupita huko. Naye hakupita. Salamu, habari za ugonjwa, pole na hongera, vyote vilikwenda na kurudi kupitia kwa Sesilia.

Mwezi wa nne mwaka huu mkurugenzi wetu, Bwana Hemal, mtoto wa mwanzilishi, aliuliza tumpe Mzee zawadi gani ya kustaafu. Zilitajwa seti ya sofa, friji, mabati na ng'ombe wa maziwa. Mzee alisema hahitaji kitu. Ndipo nikampigia simu Mama Martina, naye hakufikiri hata kidogo. Alisema, "Maji, mwanangu. Mimi nataka maji."

Tulipompelekea Mzee wazo hilo alikataa. "Yaya," alisema, na kwa Kisukuma hapana hiyo haina mlango wa nyuma. Sikuwahi kumwona amekasirika kabla ya siku ile. Alinieleza baadaye kwamba anaweza kustaafu bila sofa na bila ng'ombe, ila hawezi kwenda kuishi siku zake zote zilizobaki kijijini akiwa na shimo la tatu uani. Angelitazama kila asubuhi, na watu wangemtazama yeye. Mkewe kwa upande wake alisema kicheko cha watu hakimuumizi shingo, kinachomuumiza ni ndoo. Walinuniana wiki mbili. Hatimaye Mzee alikubali kwa sharti moja, kwamba nipime mimi kwa mashine yangu, na yeye asiulizwe neno.

Tarehe 4 Juni tulifika Samuye. Mzee alijiketisha mbele ya nyumba na beseni la karanga, akatugeuzia mgongo, akaanza kubangua. Nilipima mashariki, mwamba mkavu. Nilipima kaskazini, mkavu. Nilipima kando ya mashimo yale mawili ya zamani nikaona kwamba mwamba pale ni mzima kama meza ya chuma, na kwamba hata mimi nisingepata kitu. Karanga zilikuwa zimejaa nusu beseni. Mama Martina alisimama mlangoni na kanga yake kiunoni akinitazama usoni, nami nikawa najitahidi uso wangu usiseme chochote.

Ilibaki kuvuta waya mrefu zaidi, na kwa urefu huo ulipaswa kupita kwenye ua wa minyaa. Nikawaambia vijana wa mtambo waupitishe. Hakuna aliyesogea. Ignas, mchimbaji wetu mkuu, ambaye nimemwona akiingia kwenye shimo lenye nyoka, ghafla akawa na kamba ya kiatu ya kufunga, na ikamchukua muda. Mimi nimezaliwa mjini, baba yangu ni mtu wa Tabora na mama yake alitoka pwani, mambo mengine huwa napitwa. Nikauliza kuna nini. Ignas akaninong'oneza kwamba kule ni kwa mama mkwe wa Mzee, tena ni upande wa bafuni, na hawezi kwenda kule mbele ya macho ya mkwe wake. Nikamuuliza walipopima mwaka 1998 nani alipita kule. Hakuna. Na mwaka 2009? Hakuna. Nikamuuliza Mzee mwenyewe amewahi kupita lini. Ignas akanitazama kama niliyetukana.

Basi nikachukua waya mwenyewe, nikauzunguka ua. Bibi Nyanzobe alikuwa amesimama anangoja, mdogo wa umbo, mkongojo mkononi, akanipungia niingie. Nikamwamkia, akaitikia, nikageuka kutafuta pa kupigilia kigingi. Nilichokiona kilinifanya nisahau mashine. Mwezi wa sita, Samuye nzima imekauka na kuwa rangi ya gunia, na nyuma ya nyumba ile viazi vitamu vilikuwa vimetambaa kijani mpaka kwenye kuta za bafu. Vichuguu vitatu vilikuwa vimejipanga mstari mmoja kama vimepimwa kwa kamba. Mtu mwenye macho ya Mzee Lushinge angehitaji dakika moja tu pale. Kijiti kisingekuwa na kazi.

Nilipima kwa kutimiza wajibu, na mashine ilisema kile ambacho viazi vilikuwa vinasema. Nikamuuliza Bibi, Mama Martina akitufasiria, kama alikuwa anajua kwamba ardhi ile ina maji. Bibi alishangazwa na swali. Alisema anajua tangu mwaka aliohamia, hata fimbo ukiichoma pale inatoka na unyevu. Kwa nini hakusema? Alisema mkwe wake ndiye bingwa wa maji wa nchi nzima, yeye ni nani amwelekeze. Alifikiri mkwe anajua, ila anaona haya kuja kuchimba bafuni kwa mkwewe. Akaona kumwambia itakuwa kama kumwita nyuma ya nyumba yake, na jambo hilo mama mkwe halifanyi. Kwa hiyo akanyamaza, kwa heshima. Na mkwe asichungulie, kwa heshima. Mama Martina naye alikuwa akiviona viazi vile kila siku, na miaka yote aliamini vinanyweshwa na maji ya kuogea, yale aliyoyaleta mwenyewe kichwani.

Alipomaliza kufasiri maneno ya mama yake alihesabu kitu kwa vidole. Kisha alikaa chini palepale kwenye viazi, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na katikati ya kicheko nikaona kwamba machozi yamegeuka. Ishirini na tisa, alisema. Miaka ishirini na tisa alikuwa akileta maji kwenye nyumba ile, ndoo mbili kila siku, na kuyamimina juu ya maji. Baada ya hapo aliinuka akawasema wote wawili kwa Kisukuma, mama upande huu wa ua na mume upande ule, kwa sauti ambayo haikuhitaji mtu wa kufasiri. Upande ule nilisikia beseni la karanga likianguka.

Tulichimba Jumamosi tarehe 14 Juni. Bafu lilihamishwa kwanza, na Ignas alipata ruhusa ya Bibi kupitia kwa Mama Martina, ndipo kiatu chake kikaacha kufunguka. Kijiji kizima kilikuja, wengine na viti vyao. Mzee alikaa palepale mbele ya nyumba, mgongo kwetu. Mita ishirini, vumbi. Mita thelathini, vumbi, na mtu mmoja nyuma yangu akataja Mpima Kiu kwa sauti ndogo. Nilikuwa na imani na mashine yangu, lakini nakiri kwamba nilitamani ningekuwa na kijiti. Kwenye mita arobaini na moja mlio wa mtambo ulibadilika. Kabla sisi hatujaona kitu, nilimwona Mzee kule mbele akiinua kichwa. Ameusikia mlio ule mara mia kadhaa maishani mwake. Halafu maji yakaruka, meupe kwanza, kisha safi, yakatulowesha sote, na wenye viti wakavikimbia viti vyao.

Mzee hakuja. Alikuwa amesimama, amegeuka, anautazama ua, na hakuweza kuja. Maji ya kwake mwenyewe yalikuwa yakimwagika nyuma ya minyaa aliyoipanda kwa mkono wake. Ndipo Bibi Nyanzobe alipomtuma bintiye akamwambie mkwe kwamba njia imefunguliwa, aje. Nani asingekimbia hapo? Mzee hakukimbia. Alimtuma Ignas kwa bodaboda hadi senta akamletee kitenge cha heshima na mbuzi, kwa kuwa huwezi kumwendea mama mkwe mikono mitupu, na maji yakaendelea kumwagika nusu saa nzima tukimngoja mbuzi. Mbuzi alipofika, amepakatwa kwenye bodaboda, Mzee alivaa koti, akaweka kijiti chake juu ya kiti, akapita.

Ni hatua arobaini na tatu. Nilizihesabu. Alimwamkia mama mkwe macho yakiwa chini, Bibi akaitikia marahaba macho yakiwa pembeni, na kwa kuwa hawakuweza kutazamana, wote wawili wakayatazama maji. Kisha Mzee akauliza swali lake, lile analouliza kila boma: ni nani hapa huamka wa kwanza kwenda kuteka maji?

Mama Martina alileta ndoo yake, ile ya bluu yenye mpini wa waya. Mumewe akamjazia mwenyewe. Akaviringisha kata yake ya kanga, akajitwika, akapiga hatua mbili, akasimama. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Hapakuwa na pa kuipeleka. Akaishusha.

Mzee Lushinge, uongozi na wafanyakazi wote wa Jashvant na Wanawe tunakushukuru kwa miaka thelathini na minne ya macho yako. Ofisi yangu itakuwa kimya, na daftari langu halitakuwa na wa kubishana naye. Nenda nyumbani ukapumzike kwa afya na amani, pita kwenye ua wako bila wasiwasi, na ukimkumbuka binti yako wa mashine umwonyeshe siku moja jinsi ya kutazama vichuguu. Wabeja, asante sana, Baba Martina.

Na wewe, Mama Martina, kesho lala mpaka jua litoke.